Mwalimu Anayekaribia Kustaafu na Ratiba ya Shule

Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, mwalimu huruhusiwa kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na hulazimika kustaafu atimizapo 60. Miaka mitano iliyo baina ya nambari hizo haizungumzwi sana vyuoni mwetu. Twamfundisha mwanachuo namna ya kuanza kazi. Namna ya kuimaliza twamwachia aitafute mwenyewe. Wako walimu hodari waliokimbilia kustaafu kwa hiari kwa sababu tu hawakujua kwamba kazi ile ile yaweza kupangwa kwa njia nyingine.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Mshahara na masharti ya ajira havimo katika uwezo wa mkuu wa shule. Tena, kwa kuwa pensheni hukokotolewa kwa kuangalia mshahara na muda wa utumishi, si busara mwalimu kutaka apunguziwe ajira yenyewe. Lakini ratiba, zamu, na madaraka madogo madogo ya shule huamuliwa pale pale shuleni. Hapo ndipo mazungumzo yana nafasi.

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari, tulimkuta mama mmoja wa miaka 57, mwalimu wa hisabati, ambaye miguu ilikuwa ikimvimba kila alasiri. Alikuwa na vipindi 24 kwa juma, na tisa kati ya hivyo viliangukia baada ya saa sita mchana. Mara ya kwanza alimwendea mkuu wa shule, kijana aliyemzidi kwa miaka ishirini, akasema amechoka, apunguziwe kazi. Jibu lilikuwa la heshima, lakini halikumsaidia: "Mama, shikamoo. Walimu wa hisabati tunao wawili tu. Vipindi hivyo nimpe nani?"

Kwa maoni yetu, mkuu yule hakukosea. Aliletewa tatizo bila njia ya kulitatua. Tena ombi la namna hiyo humtia mkubwa haya, na mdogo humtia woga wa kuonekana hana adabu. Basi wote wawili hulimaliza upesi.

Mama yule alirudi baada ya majuma mawili akiwa na karatasi. Kwanza alikuwa amekaa na mwalimu wa taaluma, na kwa pamoja wakaona kwamba vipindi saba kati ya vile tisa vyaweza kubadilishana nafasi na vya historia na jiografia bila darasa lolote kupoteza kipindi. Jumla ya 24 haikuguswa. Aliomba pia aondolewe katika zamu, kazi ya kuwahi alfajiri na kusimama paredi, na badala yake akajitolea kutunga majaribio yote ya hisabati na kupitia maandalio ya masomo ya walimu wapya, kazi zinazofanywa mtu ameketi. Mwishowe akaomba mpango huo ujaribiwe kwa muhula mmoja tu.

Mkuu alikubali yote isipokuwa zamu. Hapo, tukiri, hata sisi tulikuwa tumesahau jambo: zamu ya mmoja ikiondolewa, huangukia mabegani mwa wengine, nao hawakuulizwa. Suala lilipelekwa katika kikao cha walimu. Vijana wawili ambao mama alikuwa akiwasahihishia maandalio yao walisema wataigawana. Mwalimu mmoja alinung'unika, akaachwa anung'unike.

Makubaliano hayo yaliandikwa katika kumbukumbu za kikao, tarehe ikiwekwa. Wengine waliona ni urasimu kati ya watu wanaoheshimiana. Muhula uliofuata mkuu alihamishwa, na mgeni aliyekuja alianza kazi kwa kupanga zamu upya. Mama alimfungulia daftari la kumbukumbu, akamwonyesha ukurasa.