Mbwa wa Shamba Akiharibika Tabia: Kagua Haya Kabla ya Kushika Fimbo



Leo tunaweka pembeni kidogo habari za chakula cha kuku na bei ya trei, tumzungumzie mfanyakazi asiyedai mshahara: mbwa. Mimi ni mtu wa ugani wa mifugo, ila kwa miaka sasa nimejikuta pia msuluhishi kati ya mbwa na wenye mbwa. Simu zinatoka Ilemela, Kisesa, Usagara, mpaka ng'ambo kule Sengerema. "Afisa, mbwa wangu ameanza kula kuku." "Afisa, amemng'ata kijana wa kazi, nimuue?" "Afisa, mwizi akija kimya, radi ikipiga anavunja mlango!"

Wengi wanaponipigia wameshajaribu fimbo, pilipili, na wengine wako njiani kununua sumu. Ndugu yangu, subiri kwanza. Mbwa hana ukorofi wa makusudi kama wa binadamu. Karibu kila mara anafanya kile shamba lako lilichomfundisha, au kile ambacho mwili wake mgonjwa unamlazimisha kufanya. Ukijua ni kipi kati ya hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

1. Kwanza kabisa: je, ni mgonjwa?

Tabia iliyobadilika ghafla ihesabu kuwa ugonjwa mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo. Mbwa mpole ameanza kuuma ovyo. Mbwa mkali ghafla amekuwa mnyonge na anajificha. Anang'ata mawe na vijiti, sauti imebadilika, anayumba, taya limelegea na mate yanamtoka. Hapo USIMTIE MKONO MDOMONI ukidhani amekwamwa na mfupa. Mchukulie kuwa ana kichaa cha mbwa. Kaa mbali, zuia watoto, mpigie daktari wa mifugo.

Ugonjwa huu Shirika la Afya Duniani linakadiria unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya wagonjwa 100, 99 waliupata kwa mbwa. Dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini kabla ya dalili, unazuilika kabisa. Mtu akiumwa, hata kama jeraha ni dogo:

- Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majani wala mafuta ya taa.
- Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukipewa ratiba ya sindano imalize yote.
- Kama mbwa anaweza kufungiwa mahali salama, afungiwe na daktari wa mifugo amfuatilie kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma huwa anaonyesha dalili au kufa ndani ya muda huo. Lakini aliyeumwa asisubiri siku hizo ndipo aende hospitali.

Mbwa anachanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 7 kati ya 10 wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwa hiyo kampeni ya chanjo ikitangazwa kwenye kata, hasa karibu na Septemba 28 ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, usimpeleke wako peke yake, msukume na jirani.

Kuna na distempa, ambayo humfanya mbwa atetemeke, apate degedege na kuzunguka kama aliyechanganyikiwa. Msiuone ni ugonjwa mdogo: mwaka 1994 uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Nao una chanjo.

Mwisho kagua maumivu ya kawaida: sikio bovu, jino, kidonda chini ya mkanda wa shingo, kupe, minyoo. Mbwa anayeumwa sikio akishikwa kichwa lazima ang'ate. Huyo anahitaji dawa, na viboko vitamzidishia tu.

2. Mbwa anajifunzaje?

Zaidi ya miaka mia iliyopita, Mrusi Ivan Pavlov aligundua kuwa mbwa wake walianza kudondosha mate kabla hata chakula hakijafika, kwa kuona au kusikia tu kile kilichozoeleka kutangulia chakula. Wewe unaliona hili nyumbani kila siku: ukigusa sufuria, mbwa huyo hapo.

Kwa hiyo mbwa anaunganisha mambo mawili yaliyofuatana HAPOHAPO, ndani ya sekunde moja au mbili. Sasa fikiria: amekula kuku saa nne, wewe umerudi saa kumi, unamwita, anakuja anatikisa mkia, unamchapa. Amejifunza nini? Kwamba akiitwa na bosi akaja, anapigwa. Kesho ukimwita atakimbia, na kuku ataendelea kula.

Zawadi nayo ina sheria hiyohiyo. Sisi wa kando ya ziwa tuna bahati, dagaa mmoja mkavu anatosha. Weka wachache mfukoni. Akifanya unachotaka, mpe hapohapo na umsifie. Dagaa mmoja kwa wakati wake anafundisha kuliko sahani nzima ya ugali jioni.

3. Mbwa anayekula kuku au mayai

Swali langu la kwanza ni hili: kuku wakifa unawapeleka wapi? Mara nyingi jibu ni, "Namtupia mbwa." Basi ndiyo hiyo shule! Umemfundisha mwenyewe kuwa kitu chenye manyoya ni chakula, tena mzoga akiuburuta shambani anakusambazia mdondo na magonjwa mengine. Mizoga izikwe kwenye shimo refu lenye mfuniko, au ichomwe. Na wanaochinja mbuzi na kondoo, msimpe mbwa maini na mapafu mabichi yenye malengelenge. Yana mbegu za minyoo tegu ambayo kupitia kinyesi cha mbwa humrudia binadamu.

Baada ya hapo:

- Mlishe kwanza. Mbwa wa dona tupu mara moja kwa siku atajitafutia. Changanya dona na dagaa au mabaki ya samaki, mara mbili kwa siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha.
- Ziba njia. Kila kuku anayemkamata ni zawadi. Wavu uwe imara na chini ufukiwe ardhini asichimbe.
- Mzoeze akiwa kwenye kamba. Simama naye mbali na kuku, pale ambapo anawaona lakini bado anakusikiliza wewe. Akiwaangalia kisha akakugeukia, dagaa. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Sogea kidogokidogo kila baada ya siku kadhaa.

Ile ya kumfunga kuku aliyekufa shingoni "mpaka amchukie" achana nayo. Inamtesa, inanuka, na haimfundishi nini afanye. Ukumbuke pia tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Niseme ukweli: mbwa aliyeshazoea kuua kuku kwa muda mrefu usimwache huru na kuku bila mtu, hata akionekana ametulia. Alinde nje ya uzio.

4. Mbwa anayeuma watu wa shambani

Kijana mmoja wa kuku wa mayai kule Kisesa alinipigia mbwa wake alipomng'ata kijana wa kazi kwa mara ya pili. Aliyeumwa alikuwa ameshapelekwa hospitali, na alishasema akitoka huko harudi kazini. Mwenye shamba akaniambia, "Kaka, leo namuua." Nikamwomba tutembee kwanza njia anayopita yule kijana kila asubuhi.

Mnyororo ulikuwa wa kama mita mbili. Bakuli la chakula la mbwa lilikuwa ubavuni mwa mlango wa stoo. Kijana anakuja na ndoo, anapita juu ya bakuli, mbwa hana pa kukimbilia. Mnyama mwenye hofu ana njia mbili, kukimbia au kupigana. Mnyororo mfupi umeshaifuta ya kwanza.

Mbwa tukamfungia siku 10 kwa ufuatiliaji. Baada ya hapo tulimhamishia upande wa pili wa uzio, mbali na stoo. Tukavuta waya kati ya nguzo mbili, mnyororo ukawa unateleza juu yake na mbwa anatembea. Kijana alipokubali kurudi, kazi yake ya ziada ikawa moja: akipita kwa mbali, anamtupia mbwa dagaa bila kumtazama machoni, anaendelea na safari. Wiki ya kwanza mbwa alinguruma. Wiki ya tatu akawa anamsubiri. Leo kijana yule ndiye anayemfungulia usiku. Mwenye shamba akabaki na mbwa na mfanyakazi, na kupata mfanyakazi anayejua kuku si rahisi, mnajua wenyewe.

Waelekeze na wafanyakazi wako kusoma onyo. Kabla ya kuuma, mbwa huganda mwili, hulamba midomo, hugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, halafu hunguruma. Na USIMPIGE kwa kunguruma. Ukimnyamazisha kwa kipigo hofu inabaki palepale, ila onyo limeondoka. Siku nyingine atauma kimyakimya.

Na wale wanaowapa mbwa pilipili au bangi, au kuwafungia gizani mchana kutwa "ili wawe wakali": mnatengeneza mbwa mwenye hofu, asiyetofautisha mwizi na mteja wa mayai. Mlinzi mzuri anamjua mwenyeji, kwa hiyo akibweka unajua kweli kuna mgeni.

5. Anayebweka usiku kucha, na anayeogopa radi

Mbwa aliyefungwa mnyororo saa 24 hubweka kila kitu kwa sababu hana kazi nyingine. Mtembeze, mpe mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe atafune, mfungue usiku ndani ya uzio. Dume anayezurura kutafuta majike mhasi. Kuhasi hupunguza kuzurura na ugomvi wa madume, lakini usitegemee kumtibu mbwa mwenye hofu.

Radi kwetu ni suala zito. Usiku upepo wa nchi kavu hushuka ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, na mawingu mazito hujengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na alfajiri, saa zilezile unazomtegemea mlinzi wako. Mpe kibanda chenye kuta nzito na giza, mbali na bati tupu linalopiga kelele. Wingu likitanda mtoe kwenye mnyororo, akiogopa anaweza kujinyonga nao. Kumtuliza hakumzidishii hofu kama watu wanavyosema. Kumpiga ndiko kunakozidisha.

Wenye vizimba vya samaki, msimfunge mbwa ukingoni mwa maji usiku. Mamba hawachagui.

6. Ukianza upya, anza na umri

Mtoto wa mbwa ana dirisha la kujifunza dunia kati ya wiki ya 3 na ya 12 hadi 14. Anachokutana nacho kwa amani wakati huo, ukubwani hakimtishi. Usimtoe kwa mama kabla ya wiki 8. Ukimleta, mwonyeshe kuku, mbuzi, ndoo, bodaboda, watoto, wanawake wenye mizigo kichwani, kila kimoja kwa utulivu na dagaa wake. Kabla hajamaliza chanjo mbebe, asichangamane na mbwa wa mtaani.

Huko Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund tangu 1994 linawapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo dhidi ya duma na wanyama wengine. Siri yao kubwa ni kwamba mbwa analelewa na mbuzi tangu mdogo, anawaona ni ndugu. Wao hutumia mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, lakini kanuni hiyo inafanya kazi hata kwa mbwa wetu wa kienyeji.

Anza leo jioni

Pima mnyororo. Angalia bakuli liko wapi. Angalia mizoga inaenda wapi. Tafuta kadi ya chanjo, na kama huna, kesho nenda ofisi ya mifugo ya kata. Fanya haya kwa wiki tatu mfululizo bila kuruka siku. Kama bado anauma watu, mwite daktari wa mifugo muamue pamoja. Wapo wachache ambao hawafai kukaa na watu, na kwa hao daktari anajua namna isiyo ya mateso. Sumu iliyofichwa kwenye nyama si namna hiyo: kesho inaokotwa na mbwa wa jirani, au mtoto.

Kazi njema, na mifugo iendelee kunenepa.