Kompyuta imeanguka na faili la dampo halipo? Usiformati kwanza

Wadau wa Ruhembe na Kilosa yote, hii ni kwa wenye kompyuta ya ofisi yenye hesabu za miwa. Mkulima analipwa kwa tani na kiwango cha sukari, kwa hiyo mashine ikigoma katikati ya msimu, kinachokwama ni malipo ya watu. Fundi akija, jibu mara nyingi ni moja: "Tuformati." Subirini kwanza.

Windows ikianguka kwa skrini ya bluu, huandika yaliyokuwa kwenye memori. Hilo ndilo faili la dampo, na si takataka: ni ushahidi wa kumjua mkosaji, iwe draiva, RAM au diski. Hukaa C:\Windows\MEMORY.DMP, na yale madogo kwenye C:\Windows\Minidump. Ukikuta hamna kitu, pitia haya:

1. Ilikuwa skrini ya bluu kweli? Umeme ukikatika, Windows haipati nafasi ya kuandika chochote. Tuko jirani na mitambo ya Kidatu, megawati 204, lakini umeme haujui ujirani! Fungua eventvwr.msc, kwenye System tafuta tukio namba 41. BugcheckCode ikiwa 0, shuku umeme, joto, pawa saplai, au mashine iliganda mtu akaizima kwa kidole. Ikiwa namba nyingine, ilikuwa skrini ya bluu, endelea.

2. Pagefile.sys ipo diski C? Dampo huandikwa humo kwanza, halafu kompyuta ikiwaka ndipo linahamishwa. Aliyeizima ili "kuongeza nafasi" kakata njia.

3. C imejaa? Ikibaki chini ya GB 25, Windows inaweza kulifuta MEMORY.DMP yenyewe. Programu za kusafisha nazo hulifagia.

4. Andika sysdm.cpl, ingia Advanced, halafu Startup and Recovery. Chagua Automatic memory dump, ondoa tiki kwenye Automatically restart. Siku ikianguka tena, ngoja asilimia zifike 100 ndipo uguse pawa, na piga picha ile kodi kwa simu.

Mwisho, hesabu za wakulima zinakiliwe kwenye flashi kila jioni. Dampo litakwambia kilichoua mashine, ila tani za mtu halizirudishi.

Mwenye nyongeza atumwagie hapo chini.