Malkia wa Chungu na Namna ya Kumtambua

Mvua zinapoanza kunyesha, wadudu wengi wenye mabawa hutoka ardhini na kuruka makundi kwa makundi. Baadhi yao ni kumbikumbi, na baadhi ni chungu. Chungu wakiisha kupandana, madume hufa upesi. Bali jike hushuka chini, huyang'oa mabawa yake, kisha hutafuta mahali pa kuchimba shimo. Huyo ndiye malkia.

Lakini ni malkia wa chungu gani? Jamaa ya chungu ni kubwa: wamo sisimizi, siafu, majimoto na wengine wengi. Rangi peke yake hudanganya, kwa sababu wengi ni weusi au wekundu. Yapasa kuvitazama viungo vya mwili kimoja kimoja.

Kwanza hutazamwa papasi na kiuno. Papasi za kumbikumbi zimenyoka kama ushanga uliotungwa, na kiuno chake ni kinene. Papasi za chungu zimepindika kama kiwiko, na kiuno chake ni chembamba sana.

Pili hutazamwa kifua. Malkia aliyeruka ana kifua kikubwa, maana ndani yake mna misuli ya mabawa. Tena pana alama mahali mabawa yalipong'oka. Malkia wa siafu hana alama hizo, kwa kuwa haoti mabawa kamwe.

Tatu huhesabiwa vifundo vya kiuno. Majimoto ana kifundo kimoja; chungu wavunao mbegu za majani wana viwili. Mmoja wa wavunaji hao ni yule mkubwa wa Afrika ya Mashariki, aitwaye na wataalamu Messor cephalotes. Rangi yake ni nyekundu na nyeusi, na malkia wake hukaribia urefu wa inchi moja.

Ujuzi huu si mchezo. Mwezi wa Mei mwaka 2025, korti ya Nairobi nchini Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na maelfu ya chungu hai bila ruhusa. Miongoni mwao walikuwamo malkia wa mvunaji huyo mkubwa, ambao watu wa nchi za mbali huwanunua kwa fedha nyingi.

Hasara yake ni hii. Malkia hujifungia shimoni peke yake, hutaga mayai, na huwalea watoto wa kwanza bila kwenda kutafuta chakula. Misuli ya mabawa asiyoihitaji tena ndiyo akiba yake. Kutoka kwake hutokea mji mzima, nao wavunaji huchukua mbegu na kuzitawanya mbugani. Amwondoaye malkia mmoja ameuondoa mji wote. Basi mwenye busara humtazama, humtambua, kisha humwacha pale pale alipomkuta.