Chavua, Vumbi na Mafua ya Shambani

Mvua za Dodoma hunyesha kwa msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Zinapokaribia kwisha nyasi huchanua, na chavua yake nyepesi huchukuliwa na upepo. Ndipo mkulima mwenye mzio hupiga chafya mfululizo na kuwashwa macho. Alizeti husingiziwa mno: chavua yake ni nzito, yenye kunata, nayo huchukuliwa zaidi na nyuki. Wakati wa kupura na kupepeta mtama, adui ni vumbi la makapi na kuvu. Kitambaa puani hulipunguza. Lakini kikohozi cha wiki 2 au zaidi kisidhaniwe kuwa mzio. Mwanachama huyo apimwe kifua kikuu, hata kama mavuno yanamngoja.