Kukesha Mchana Kweupe

Katika mafundisho ya Kikristo, kukesha kiroho ni hali ya moyo ulio macho, unaojua unamngoja nani na unaotambua kinachoingia ndani yake, na kwa sababu hiyo fundisho hili lina pande mbili ambazo mara nyingi huhubiriwa kana kwamba ni moja. Upande wa kwanza unahusu wakati, kwamba Kristo atarudi na kila mtu atakufa, na saa ya mambo hayo mawili haikufunuliwa kwa yeyote. Upande wa pili unahusu mawazo, kwamba dhambi huanza kama wazo dogo linalopita, na asiyelitambua mapema hujikuta amekwisha kulitii. Waumini wengi wa Afrika Mashariki wameuzoea zaidi upande wa kwanza, kwa kuwa mkesha, au kesha kama wasemavyo Kenya, huwakumbusha kanisa lililojaa watu usiku wa 31 Desemba, mapambio na maombi hadi alfajiri. Upande wa pili hautajwi sana, ingawa ndio unaomhusu muumini akisharudi nyumbani na kufungua duka.

Agizo la kukesha limeenea katika Agano Jipya lote, lakini uzito wake unaonekana zaidi katika sura ya 13 ya Injili ya Marko, ambapo Yesu, akiwa ameketi juu ya Mlima wa Mizeituni kuelekea Hekalu, anatoa mfano wa mtu aliyesafiri akawaachia watumishi nyumba yake na kumwamuru bawabu akeshe, kwa kuwa bwana huyo anaweza kurudi jioni, usiku wa manane, awikapo jogoo au asubuhi. Hizo ndizo zamu nne za ulinzi ambazo Warumi waliugawa usiku kwazo, na wafafanuzi wa Biblia wameona kwamba Marko anausimulia usiku wa mwisho wa Yesu kwa mpangilio huohuo: jioni ni karamu, na msaliti yupo mezani, usiku ni Gethsemane, na wanafunzi watatu walioombwa wakeshe wanakutwa wamelala mara tatu, jogoo anawika Petro akiwa amekwisha kumkana mwalimu wake, na asubuhi, Yesu anapopelekwa kwa Pilato, hakuna hata mwanafunzi mmoja anayetajwa kuwa karibu naye. Mwinjili hatoi ufafanuzi wowote, bali anamwachia msomaji ahesabu zamu mwenyewe.

Hata hivyo, usingizi wa mwili peke yake si kosa. Katika mfano wa wanawali kumi, ulio katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, bwana arusi anapokawia wanawali wote wanasinzia na kulala, werevu kwa wapumbavu, na tofauti yao inatokana na mafuta yaliyotafutwa mapema, kabla ya giza kuingia. Sura inayotangulia mfano huo inataja watu wa siku za Nuhu waliokuwa wakila, wakinywa na kuoana, kisha wanaume wawili shambani na wanawake wawili wanaosaga nafaka, ambao mmoja wao anatwaliwa na mwingine anaachwa, ingawa wote walikuwa katika kazi ileile, jambo linaloonyesha kwamba saa inayongojwa inaweza kumkuta mtu jembe likiwa mkononi. Baada ya wanawali unafuata mfano wa talanta, na hatimaye hukumu ambayo kipimo chake ni mwenye njaa aliyelishwa na mgonjwa aliyetazamwa. Mhubiri anayesoma habari za wanawali akaishia hapo huwa ameikata hotuba katikati, na ndiyo maana kukesha huishia kueleweka kama kazi ya usiku tu.

Kosa hilo si geni. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike, iliyoandikwa karibu na mwaka 50, aliwatuliza waumini waliosikitika kwamba ndugu zao wamekufa kabla ya Kristo kurudi, akawaeleza kwamba siku hiyo itakuja kama mwizi na kwamba watu wa mchana hawana budi kuwa na kiasi, yaani akili zisizolewa. Barua ya pili kwa kanisa hilohilo inawakemea walioacha kufanya kazi na kuishi kwa jasho la wenzao, na wengi wameona kwamba uvivu huo ulichochewa na imani kwamba mwisho umekaribia mno.

Karne nyingi baadaye, huko Marekani, mkulima Mbatisti aliyeitwa William Miller alikokotoa siku 2,300 za kitabu cha Danieli kama miaka, na wafuasi wake hatimaye wakashikilia tarehe 22 Oktoba 1844, hata baadhi yao wakaacha mazao yakiwa shambani bila kuvunwa. Siku ilipita. Kutokana na majonzi hayo lilizaliwa, pamoja na mengine, kanisa la Waadventista Wasabato, lenye waumini wengi leo Kisii, Mara na Upare, ambalo liliendelea kungoja bila kutaja tarehe nyingine. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mambo yalikuwa mabaya zaidi: viongozi wa kundi lililojitenga walitangaza kwamba dunia ingekoma mwishoni mwa mwaka 1999, na ilipoendelea kuwapo, mamia ya wafuasi waliteketea ndani ya jengo la ibada tarehe 17 Machi 2000. Anayejua tarehe hana haja ya kukesha, kwa maana anaweza kulala hadi siku ile. Hesabu za namna hiyo, pamoja na hofu yote zinayoleta, kwa kweli ni njia ya kukwepa agizo lenyewe.

Makanisa ya kihistoria yalikuweka kungoja kwenyewe ndani ya kalenda, kwa majuma ya Majilio kabla ya Krismasi na kwa mkesha wa Pasaka, ambao katika Kanisa Katoliki ulikuwa, kwa karne kadhaa, ukiadhimishwa Jumamosi asubuhi jua likiwaka, hadi Papa Pius XII alipoanza kuurudisha usiku mwaka 1951. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliwakuta wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol, wakikutana kusali usiku ambao zamani waliutumia kwenye vilabu vya pombe, akaukubali utaratibu huo na kuufanya wa kila mwezi, Ijumaa iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, ili watu wapate mwanga wa kurudia nyumbani. Busara hiyo ndogo ya mwezi mpevu inapendeza, kwa sababu inaonyesha kiongozi aliyefikiria hata njia ya kutoka kanisani.

Lakini kila mkesha huisha kukipambazuka, na waliochunguza kwa makini zaidi saa zinazofuata ni wamonaki wa jangwa la Misri, yaani Wakristo waliojitenga ili waishi kwa sala na kazi za mikono. Evagrius wa Ponto, aliyekuwa shemasi mashuhuri huko Konstantinopoli kabla ya kukimbilia jangwani, aliishi miaka yake ya mwisho Kellia, mahali penye vijumba vilivyotawanyika magharibi mwa delta ya Nile, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu hadi alipofariki mwaka 399. Kazi ya mlinzi wa moyo, kwa Kigiriki nepsis, aliieleza kwa kuorodhesha mawazo manane yanayomshambulia mtu: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majivuno na kiburi. Yohane wa Ngazi, abati wa Sinai katika karne ya 7, aliongeza hatua ambazo wazo hupitia, kwanza linajitokeza tu, kisha mtu anazungumza nalo, kisha analikubali, kisha linamteka, na mwishowe linakuwa tabia. Hatua ya kwanza, kwa mafundisho yake, haina dhambi yoyote, na fundisho hilo limewapunguzia mzigo watu wengi wanaojihukumu kwa kila kinachopita kichwani. Ulinzi unawekwa pale mazungumzo yanapotaka kuanza.

Kati ya mawazo hayo, Evagrius aliuona uchovu wa roho kuwa mzito kuliko yote, na adui huyu haji usiku. Huanza kumshambulia mmonaki saa nne na kumzingira hadi saa nane, saa zilizohesabiwa kuanzia macheo kama zinavyohesabiwa kwa Kiswahili hadi leo. Jua linaonekana halisogei, siku inakuwa kama ina saa hamsini, mmonaki anatoka nje kutazama bado kiasi gani ifike saa tisa, wakati wa mlo, na anageuka huku na huku akitumaini kumwona ndugu yeyote akija. Anaanza kuichukia kazi yake, anakumbuka nani alimkosea, anaona upendo umekwisha katika jumuiya, kisha anafikiria mji mwingine ambako ingekuwa rahisi kupata riziki. Yohane Cassian, aliyeyapeleka mafundisho haya Marseille mwanzoni mwa karne ya 5, anaongeza kwamba wazo hilo huvaa hata sura ya huruma, likimshauri mmonaki aende kumtazama mgonjwa aliye mbali au mwanamke mcha Mungu asiye na msaada wa jamaa, ili mradi atoke.

Papa Gregori I, alipoyapanga upya mawazo hayo kuwa mizizi saba ya dhambi, aliuingiza uchovu wa roho ndani ya huzuni, na baadaye ukajulikana zaidi kama uvivu, jina linaloupunguza, kwa kuwa mtu wa Evagrius anaweza kuwa na shughuli tele akiwa katikati ya shambulio. Dawa anayoitoa Evagrius ni kubaki mahali ulipo na kuendelea na kazi iliyo mkononi kwa uvumilivu. Tena anadai kwamba adui huyu, tofauti na wengine, akishashindwa hafuatwi papo hapo na mwingine, bali na hali ya amani na furaha isiyoelezeka.