Bia Ikigawanywa na Kuchanganywa: Upungufu Uandikwe kwa Nani?



Wenzetu wanaotoka Muhokya, Kasese na Bwera kwenda kufanya kazi katika viwanda vya bia wana swali wanalolirudia kila wakija nyumbani: "Mbona kompyuta inasema lita zimepotea kwenye tangi langu, nami sikumwaga hata kikombe?" Swali hili si dogo, maana lita hizo huweza kugeuka barua ya onyo, na barua kugeuka makato ya mshahara. Tulieleze jambo lenyewe.

Tuanze na tonto, ambayo kila mtu hapa anaijua. Jirani yako amekamua ndizi za Jumatatu katika mtumbwi, akajaza jerikani tatu. Hiyo ni kugawa. Moja ikichacha vibaya, anajua kuzishuku na zile mbili, kwa sababu zote zimetoka mtumbwi mmoja. Jumatano amebakiwa na nusu jerikani, akaimimina katika tonto mpya. Hiyo ni kuchanganya, na sasa ikiharibika hawezi kulaumu ndizi za siku moja tu. Haya yote yeye huyaweka kichwani. Kiwandani matangi ni mengi na zamu hubadilika usiku na mchana, kwa hiyo kumbukumbu imepewa kompyuta.

Kila bia inayopikwa hupewa namba, nasi tunaiita bachi. Bachi ikigawanywa, programu huiweka kama mama, na zile zilizotoka kwake huwa watoto, kila mmoja na namba yake. Tuchukue mfano. Bachi ya 41 ina lita 20,000. Lita 12,000 zimepelekwa tangi la 5, na 7,600 tangi la 6. Jumla ni 19,600. Zile 400 zimekwenda wapi? Zimebaki na hamira chini ya tangi, zimebaki ndani ya bomba, nyingine ni povu, na kidogo kimechukuliwa na watu wa maabara. Hakuna kiwanda duniani kisichopoteza namna hii.

Hatari iko katika namna ya kuandika. Kama aliyehamisha bia ameandika palepale lita zilizotoka, zilizofika na sababu ya upungufu, zile 400 hukaa kwenye bachi ya 41, mahali pake. Lakini kama zamu ya usiku imehamisha bia bila kuandika, asubuhi anakuja mwenzao, anapima matangi na kuingiza hesabu, kompyuta huandika lita 400 pungufu na kuweka jina la aliyebonyeza. Haijui nani alifungua vali. Inajua nani aliingia kwa jina lake.

Kuchanganya kuna hesabu yake. Ukiweka pamoja lita 10,000 za bia yenye kilevi asilimia 6 na lita 5,000 zenye asilimia 4.5, wengi husema jibu ni 5.25. Sivyo. Ile ya kwanza ina lita 600 za kilevi, ya pili 225. Jumla 825 katika lita 15,000, yaani asilimia 5.5. Bia iliyo nyingi zaidi huvuta zaidi. Hata maji ni ya kuandikwa. Viwanda vikubwa hupika bia kali, kisha huizimua kwa maji yaliyoondolewa hewa (wasioijua kazi hii hucheka, lakini si wizi, ndiyo njia ya kawaida). Lita 10,000 za asilimia 7.5 huwa lita 15,000 za asilimia 5. Maji yasipoandikwa, lita 5,000 zinaonekana zimetoka hewani, na upungufu wa kweli unajificha humo mpaka umwangukie mtu wa chujio au wa chupa.

Tena kuna ushuru. Sheria ya Uganda hutoza kiwango kidogo kwa bia ambayo angalau asilimia 75 ya uzito wa malighafi zake, ukiacha maji, ni za hapa nchini. Ndiyo maana bia za mtama, kama Eagle iliyoanza mwaka 2002, ziliweza kuuzwa kwa bei nafuu. Kwa hiyo kumimina masalio ya bia moja katika nyingine si uamuzi wa mtu wa tangi. Ukiambiwa uchanganye, omba agizo la maandishi lenye namba za bachi zote.

Na tusiione kazi hii kuwa ya karani tu. Mwaka 1900 huko Manchester na miji ya jirani watu zaidi ya 6,000 waliugua kwa kunywa bia yenye sumu ya arseniki, na angalau 70 walikufa. Wachunguzi walifuata bia nyuma, kutoka kwa wagonjwa mpaka viwandani, wakakuta viwanda vilivyohusika vilinunua sukari kwa mtengenezaji mmoja.

Basi usimpe mtu neno lako la siri, hata msimamizi. Soma mita kabla na baada ya kuhamisha, andika na katika daftari lako. Ukishtakiwa, omba historia yote ya bachi ichapishwe, mama na watoto wake, pamoja na saa za kila ingizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imetaja makato yanayoruhusiwa, na inakupa haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa kwa kosa, ukiwa na mtu uliyemchagua mwenyewe. Mchague mjumbe wa tawi.

Katika kiwanda kimoja tulifanya hivyo. Karatasi ilipotoka, ilionekana bachi iligawanywa usiku wa manane, lakini ingizo lilifanywa saa moja asubuhi, wakati mwenzetu ndiyo kwanza anavaa buti. Barua ya onyo iliondolewa. Sasa tunadai kiasi cha upungufu wa kawaida kwa kila uhamishaji kiandikwe katika mkataba wa pamoja, na wajumbe wa matawi walete hesabu za madaftari yao kabla ya mazungumzo kuanza.