Kupiga Chapa Juu ya Majalada ya Kitambaa

Matawi mengi hujitengenezea vijitabu vya katiba na vya michango. Jalada la karatasi halidumu katika mfuko wa mfanyakazi. Jasho na mvua hulimaliza kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo sababu baadhi ya mafundi hutumia turubai au kitani. Wazo ni jema, lakini kitambaa si karatasi. Tawi letu lilitupa majalada 60 kwa siku moja, baada ya wino kutambaa kwenye nyuzi hata jina la chama likawa halisomeki. Fedha hizo zilikuwa michango ya wanachama.

Tulikosea tangu dukani. Tulinunua turubai ya mahema, ambayo ni nene mno na haikubali kukunjwa pembeni. Kitambaa cha gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba kinatosha. Kitani ni kizuri lakini ghali. Merikani hufanya kazi ile ile. (Jina hilo lilitokana na pamba iliyoletwa Unguja na merikebu za Marekani katika karne ya 19.) Kifuliwe kwanza kwa maji ya moto, kwa kuwa kitambaa kipya kina dawa ya kiwandani inayozuia wino kushika, na tena hurudi kikilowa.

Kisha kibandikwe karatasi nyembamba kwa nyuma, kwa uji mzito wa unga wa ngano, kikauke chini ya uzito usiku kucha. Hatua hii ndiyo mafundi wenye haraka huiruka. Wafungaji vitabu wa London walipoanza kutumia kitambaa katika miaka ya 1820 walikutana na taabu hiyo hiyo, gundi ikipenya hadi usoni, mpaka nyuzi zilipojazwa wanga. Nyuzi za mtande zifuate mgongo wa kitabu, la sivyo jalada litajikunja kama ganda la mgomba.

Chapa ipigwe kabla ya kukata na kushona, kitambaa kikiwa bado bapa. Tumia wavu wa nyuzi 43 hivi kwa sentimita. Ulio laini zaidi haupitishi wino wa kutosha. Vuta wino mara moja au mbili kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Herufi ziwe nene, kwani mistari myembamba hupotea kati ya nyuzi. Wino wa maji wa nguo ukishakauka, upigwe pasi yenye moto, isiyo na mvuke, huku karatasi safi ikiwa juu yake. Wino wa mafuta hauhitaji pasi, bali huchukua siku kadhaa kukauka.

Sisi tunashauri wino wa maji, na sababu si bei. Wavu wake husafishwa kwa maji. Wino wa mafuta huwafanya vijana wa karakana kuosha kwa petroli, mikono mitupu, madirisha yamefungwa vumbi lisiingie. Petroli ina benzeni, ambayo huharibu damu na huleta saratani yake. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 136 juu ya benzeni mwaka 1971, na mkataba huo unataka dawa isiyo na madhara, au yenye madhara machache zaidi, itumike mahali pake inapopatikana. Mjumbe wa wafanyakazi asome maandishi ya kila kopo linaloingia karakanani. Kopo lisilo na maandishi lirudishwe kwa mwajiri.

Na matambara yenye wino wa mafuta ya kitani yasirundikwe kwenye kona. Hupata joto yenyewe na kuwaka usiku wakati hakuna mtu. Yatiwe katika debe la bati lenye maji na mfuniko, na debe hilo litolewe nje kila jioni.